Duara la Bawa la Kushoto

Ilikuwa Jumamosi ya wiki ya pili ya likizo, saa tisa na dakika kumi alasiri. Saa naijua kwa sababu simu ilikuwa mbele yangu nikihesabu sekunde thelathini, muda ambao karatasi ya maelekezo ilitaka dekali, ile picha nyembamba ya kupamba ndege ya plastiki, ikae ndani ya maji. Nilikuwa nimefika sekunde ya kumi na tisa wakati anko aliinama juu ya bega langu akauliza, "Mbona unaiogesha?"

Sikumjibu. Mimi huwa sijibu haraka. Darasani mwalimu akiniuliza swali, jibu ninalo, lakini likifika kooni linakaa hapo mpaka mtu mwingine analisema, na mimi nabaki nikiandika tarehe upya juu ya ukurasa. Niko kidato cha tatu na sidhani kuna mwalimu anayeijua sauti yangu vizuri, isipokuwa yule wa kwaya, na yeye huijua ikiwa katikati ya zingine ishirini.

Anko ni kaka ya mama. Ana banda la stika nyuma ya steji ya matatu, upande wa barabara inayoenda Molo. Yeye hubandika malori zaidi. Ukiona lori la viazi limepambwa miali ya moto ubavuni na mstari wa Zaburi juu ya kioo, huenda ni mkono wake. Ni fundi, na sisemi hivyo kwa sababu ni wetu. Anaweza kubandika stika ndefu kama mlango bila kuacha kipovu hata kimoja cha hewa, huku anaongea na watu watatu na anakunywa chai.

Ndege ilitoka ndani ya gari. Ng'ambo ya barabara kuna yadi ya magari ya kutoka Japani. Mwenye yadi alipokuwa akisafisha gari moja lililofika tu kutoka bandarini, akapata boksi chini ya tairi la akiba. Lilikuwa bado na nailoni yake. Ndani kulikuwa na vipande vya plastiki vya kuunda ndege ya vita, zile za Japani za wakati wa vita kuu ya pili, ambazo watu huziita Ziro. Mwenye yadi akamletea anko. "Niundie hii nikae nayo ofisini," akamwambia. "Wateja waone kitu ya Japan." Anko alifungua boksi, akaona vipande zaidi ya mia vimeshikana kwenye fremu kama mifupa ya samaki wa omena, akalifunga polepole na kunipa mimi.

Alinipa kwa sababu ya mwandiko wangu, ambao ni mdogo na nadhifu. Na kwa sababu mama alikuwa ameshapiga simu Dundori kwa shosho, mama yake, kwamba nitaenda kusaidia kuvuna viazi. Anko akamwambia mama aniache kwanza. Mkataba ukawa huu: mwenye yadi akiipokea ndege na kuridhika, ninabaki kwenye ile meza ndogo ya dirishani mpaka shule ifunguliwe, nifanye kazi ndogo ndogo za banda. Akiikataa, Jumatatu ni Dundori. Sio kwamba simpendi shosho. Ninampenda. Lakini viazi havina mwisho, na hakuna mtu amewahi kusimama mbele ya kiazi akakitazama akasema, hiki nani amekifanya.

Kitu kingine lazima kijulikane. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, na wa pili hupewa jina la mama yake mama. Mimi ni wa pili. Kwa hiyo nina jina la shosho wa Dundori, ambaye ndiye aliyemzaa anko, na tangu nikiwa mtoto wa kubebwa anko hajawahi kuniita kwa jina. Huniita mami. Mbele ya wateja, mbele ya polisi wa trafiki, popote. Watu wa banda walishazoea. Nikimwangalia vibaya anainua mikono na kusema, "Mami, usinichape, nitaoga." Huwa wanacheka, na mimi huwa nainamisha kichwa.

Ndege ilinichukua siku tisa. Sehemu ya juu niliipaka kijani kizito kama majani ya viazi, na tumbo nikalipaka kijivu. Nilitumia zile rangi za akriliki za duka la vitabu, kwa sababu rangi ya malori ina thina na thina inakula plastiki. Najua hivyo kwa sababu nilipoteza gurudumu moja nikijaribu, nikalichonga lingine kutoka kwa kifuniko cha kalamu. Sikumwambia mtu. Baada ya rangi nikapaka vanishi ya kung'aa, kwani dekali haishiki vizuri juu ya rangi iliyokauka kama chaki. Inaacha weupe chini yake, kama ukungu.

Karatasi ya dekali yenyewe ilikuwa kubwa kama jalada la daftari. Ilikuwa na maduara sita mekundu, manne kati yao yakiwa na ukingo mweupe, namba za mkia, na maandishi madogo ya Kijapani ambayo hata kuyaona ni lazima ushike pumzi. Ilikuwa imezeeka mpaka sehemu zilizokuwa wazi zimegeuka njano. Nilisoma kwamba jua huitoa ile njano, basi nikaibandika dirishani kwa selotepu siku nne, na kweli ikatoka.

Watu wa stika hawaelewi dekali, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Stika ina gundi yake na kichwa chake kigumu. Unaitoa kwenye karatasi yake kwa nguvu, unaivuta, unaipanga, unayasukuma maji yatoke chini yake kwa kipande cha plastiki mpaka itii. Dekali haina nguvu yoyote. Ni kama ule utando unaokaa juu ya chai ya maziwa ikipoa. Unaikata, unaiweka kwenye maji ya vuguvugu, unaitoa, unangoja. Baada ya muda inaachia karatasi yenyewe, na wewe kazi yako ni kuiteleza tu mpaka mahali pake. Ukiiharakisha imekufa.

Nilikuwa nimeshaweka maduara matano, mawili chini ya mabawa, mawili ubavuni, na moja juu ya bawa la kulia. La sita, la juu ya bawa la kushoto, ndilo lilikuwa kwenye sahani ya maji.

"Unaiogesha halafu inashika na nini?" anko akauliza. "Hiyo si imeshaharibika, mami. Ngoja nikuonyeshe."

Akaitoa kwenye maji. Kwa kidole kimoja. Akaishika kona kwa wembe wake, vile huwa anafanya kila siku ya Mungu, akavuta.

Ikatoka vipande vitatu. Kimoja kilibaki kwenye karatasi, kimoja kikajikunja kwenye kucha yake, na kingine sijui kilienda wapi.

"Stika mbovu," akasema.

Kwenye banda kulikuwa na mtu mwingine, yule mchoraji anayeandika kwa brashi milango ya malori, jina la mwenye lori na uzito wa mzigo. Ni mzee kiasi na ana maneno. Akasogea kutazama kucha ya anko. "Boss, umechuna Japani ngozi," akasema.

Anko hakuwa mbaya. Nataka niandike hivyo kwa sababu ni kweli. Alikosea vile mtu anayejua stika sana tu ndiye angekosea. Na alitaka kurekebisha mara moja. Akapima duara la bawa la kulia, akaenda kwenye mashine ya kukata stika, na baada ya dakika tano alikuwa na duara jekundu na ukingo wake mweupe. Akalibandika juu ya bawa la kushoto, akalipiga na kidole gumba, akarudi nyuma.

"Fiti," akasema.

Haikuwa fiti. Lilikuwa nene kama plasta ya jeraha. Lilikuwa la ule wekundu wa taa ya breki, wakati mengine yalikuwa na wekundu uliotulia, uliozeeka. Mistari midogo iliyochongwa kwenye bawa kuonyesha maungio ya mabati, ambayo chini ya dekali inaonekana kama mishipa, ilikuwa imefunikwa yote.

"Halifanani na lile lingine," mchoraji akasema.

"Basi tunatoa hizo zingine, tunaweka yangu zote sita," anko akasema. "Zifanane. Halafu hapa kwa bawa naweka jina ya yadi na namba ya simu. Mteja aliniuliza jana, nikamwambia ni kitu kidogo." Akainua stika aliyokuwa ameshaikata, jina la yadi kwa herufi za njano. "Na kwa mkia?"

"Kwa mkia weka bendera ya Kenya," mchoraji akasema. "Watu wajue iko hapa."

Anko akachukua wembe na kuelekeza mkono kwenye bawa la kulia, kwenye duara nililokuwa nimelingoja lijiachie dakika nzima bila kupumua.

"Anko, hapana."

Hakusikia. Sauti yangu ilitoka kama ya mtu anayeomba ruhusa ya kwenda choo.

"Nimesema hapana."

Mkono wake ukasimama. "Hapana nini, mami?"

"Hakuna kitu kingine kinabandikwa hapa. Na hiyo uliyoweka inatoka."

"Leo mathe ameamka," mchoraji akasema. Kisha akaegemea mlango, amefurahi kama mtu aliyepata kiti kizuri. "Lakini siz, nikuulize. Hao si ndio walikuwa wanamwagia watu wetu risasi kule Burma? Sasa wewe unampambia adui ndege na mapoda yake yote?"

Hilo ndilo lilifungua koo langu. Nisingeulizwa hivyo huenda ningelia tu.

"Babake shosho alikuwa huko Burma," nikasema. "Waingereza walimbebesha risasi na mchele. Alirudi, na kitu alichomsimulia shosho ni kimoja tu. Kwamba zile ndege zilikuwa zinashuka chini mpaka wanaona duara jekundu, na wakiliona wanaingia kwenye matope na nguo zao. Shosho yuko Dundori, muulize. Sasa nyinyi mkiweka bendera ya Kenya hapo, na namba ya simu ya yadi, huyo guka wa Burma alikuwa anatoroka nini? Lori ya Molo?"

Mchoraji akaacha kuegemea mlango.

"Adui awe na alama zake," nikasema. "Ukimtoa alama, hata mtu aliyemwogopa unamfanya mwongo."

Anko alikuwa bado ameshika wembe, anacheka kidogo, kile kicheko cha kumtuliza mtoto.

"Mami, ni kazi ya mteja. Mteja anataka jina lake. Hii biashara inaenda hivyo." Na mkono ukaanza kushuka tena kwenye bawa.

Nikasimama. "Mimi kama mama yako nakwambia, toa mkono."

Sikuwa nimewahi kulitumia lile jina la mama. Miaka yote yeye ndiye amekuwa akilitumia kwangu, kwa mzaha, na mimi nikiinamisha kichwa. Sikujua kama lina uzito. Anko alitoa mkono. Alitoa haraka, kama aliyeguswa na sufuria, halafu akaonekana kushangaa kwamba ameutoa.

Mchoraji alicheka mpaka akakohoa. "Umeambiwa na mzazi," akamwambia anko. "Mimi siwezi kuingilia."

Anko hakucheka. Aliuweka wembe chini na kuifuta mikono yake muda mrefu kuliko ilivyokuwa michafu. "Sawa, mami," akasema. "Wewe ndiye mkubwa. Basi kesho asubuhi utaenda mwenyewe kwa mteja, wewe na mdomo wako huo mpya. Umwambie jina lake haliko, na umwambie ni kwa nini. Stika yake hii hapa, ubebe. Akikataa kazi, Jumatatu viazi. Na sitampigia mama yako simu kukutetea."

"Sawa," nikasema.

Alikwenda kwenye lori lililokuwa likimngoja nje. Hakuniangalia tena mpaka tunafunga.

Kulitoa duara lake kulikula vanishi, na chini yake kijani pia kilikwaruzika. Nilikaa nikitazama lile doa. Dekali nyingine haikuwepo. Kuagiza ni kitu cha wiki nyingi, na ndege ilitakiwa kesho asubuhi. Ndipo nikaona takataka iliyokuwa imebaki kwenye mashine ya kukata. Anko alipokata duara lake alichukua duara na kuacha karatasi iliyolizunguka, na kwenye ile karatasi kulikuwa na tundu, mviringo kamili ambao mkono wangu haungeweza kuuchora hata kwa bikari. Mabaki yalikuwa mawili, tundu kubwa la ule ukingo mweupe, na tundu dogo la wekundu.

Nikapaka kijani kwenye doa, nikakikausha juani. Anko alikuwa na ile hita yake ya kulainisha stika lakini sikuithubutu, plastiki ingejikunja kama chapati. Nikabandika karatasi ya tundu kubwa juu ya bawa, nikapaka nyeupe kwa kipande cha sponji, kidogo kidogo, kwa kugusa tu. Upepo ulikuwa umeanza, ule wa jioni unaoleta vumbi jeupe la upande wa ziwa, basi nikaifunika ndege kwa beseni la kufulia na kukaa karibu nalo kama kuku.

Nyeupe ilipokauka niliitoa ile karatasi mapema kidogo. Ukingo ukatoka na jino, pengo dogo upande wa nyuma, dogo kama punje ya chumvi. Nilitaka kulia hapo. Sikulia. Nikaliziba kwa ncha ya kijiti cha meno.

Wekundu ndio ulinishinda. Kila nilichochanganya kilikuwa kipya mno. Mchoraji alikuja akasimama nyuma yangu, na kwa mara ya kwanza hakuwa na neno la mzaha.

"Weka kahawia tone moja," akasema. "Moja. Rangi ikizeeka haiwi nyeusi, inaelekea kutu."

Niliweka tone. Alitazama, akatikisa kichwa, akachovya ncha ya brashi yake na kuongeza nusu ya tone. "Sasa paka," akasema, akaenda zake kuosha brashi.

Tulifunga saa kumi na mbili na nusu. Wekundu nilikuwa nimeupaka kupitia lile tundu dogo, na duara lilikuwa limekauka. Si sawasawa kabisa na lile la kulia. Ukiyatazama kwa upande, kwa mwanga wa chini, la kulia linang'aa kidogo na la kushoto limetulia. Mimi naliona. Nilibeba ndege nyumbani ndani ya katoni ya keki, na mama aliponiuliza kama kazi imeisha nilimwambia ndiyo, lakini Jumatatu huenda nikaenda Dundori. Akauliza ni kwa nini. Nikamwambia nimembishia anko. Mama alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba jiko limetembea. "Wewe?" akasema.

Jumapili asubuhi niliamka kabla ya wote, nikavaa nguo za kanisa na kuchukua katoni. Saa mbili kasorobo nilikuwa kwenye lango la yadi. Mwenye yadi alikuwa anasimamia uoshaji wa magari, kwa sababu Jumapili wateja huja na familia. Ni mtu mkubwa mwenye sauti ya kuita watu kutoka mbali. Nikasimama mbele yake na sikuinamisha kichwa. Nilikuwa nimejiambia njiani, angalia nyusi zake, si lazima macho.

"Nimeleta ndege," nikasema.

Tuliingia ofisini. Nikaitoa na kuiweka juu ya meza yake. Aliizunguka. Aliinama mpaka kidevu kikagusa meza, akaangalia ndani ya kioo cha rubani, akaigeuza polepole na kuona maduara ya chini.

"Nani ameunda hii?"

"Mimi."

"Na jina la yadi? Fundi aliniambia itakuwa kwa bawa."

"Alisema. Mimi nilikataa." Nikamwonyesha bawa la kushoto. "Na kuna kitu kingine. Maduara matano ni ya karatasi iliyokuwa ndani ya boksi. Hili la kushoto nimelipaka kwa mkono. La karatasi liliraruka."

"Nani alilirarua?"

"Liliraruka bandani."

Alinitazama. Akalitazama duara, akatazama la kulia, akarudi kwangu. "Usingeniambia singejua."

"Ndio maana nimekuambia." Nikatoa stika ya herufi za njano na kuiweka kando ya ndege. "Jina lako ni hili hapa, limeshakatwa. Ndege ni yako. Ukitaka, bandika mwenyewe. Lakini ikishika haitoki, na ukiivuta itatoka na rangi. Mimi siibandiki."

Aliichukua. Akaichuna nusu, akaishika juu ya bawa la kulia, kisha la kushoto. Akajaribu ubavuni. Kila mahali aliposhusha mkono kulikuwa na kitu cha kufunika, na kila mara aliuinua tena.

"Sasa hii itakaa wapi?" akauliza.

"Sijui. Mimi sikupata mahali."

Akatoa pumzi puani. Akaenda kwenye mlango wa kioo wa ofisi na kuibandika hapo, imelala upande, na kipovu kikubwa cha hewa katikati ya herufi ya pili. Kisha akampigia anko simu, mimi nikiwa nimesimama pale pale. "Fundi, kazi imefika," akasema. "Iko poa sana. Lakini huyu mami wako ni mkaidi, jameni." Alisikiliza, akacheka. "Anasema hiyo meza ya dirishani ni yako," akaniambia. "Lakini Jumatatu ufike mapema, kuna lori mbili."

Nilitoka na katoni tupu. Kanisani walikuwa wameshaimba wimbo wa pili, na nyuma, mahali ninapokaa siku zote, kulikuwa kumejaa. Shemasi akaninong'oneza nisubiri nje kidogo mpaka maombi yaishe. Nikamwambia hapana, ninaingia. Nikapita katikati, viatu vikilia kwenye simiti, mpaka benchi ya mbele kabisa, nikaketi.